Gari Lisilo na Gharama

Kabla sijasema lolote, naomba ieleweke kwamba serikali ya Neemani haijawahi kukosea. Nimeitumikia miaka kumi na saba, kwanza katika leseni za baiskeli, kisha nikiwa karani wa dirisha namba nne la Mamlaka ya Magari Tulivu, na katika muda wote huo sijaona barua hata moja ya serikali inayokiri kosa. Asiyeamini aende masjala akatafute mwenyewe. Jina langu ni Anselmi Chikoti. Ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu, na mengine niliyapiga mhuri kwa mkono wangu.

Mambo yalianza siku Mheshimiwa Dakta Kihemba, Waziri wa Nishati Inayokuja, alipolihutubia taifa kutoka Uwanja wa Shukrani. Alizungumza kwa saa mbili na nusu. Wananchi walisimama juani, kwa sababu viti vilikuwa vya wageni, na wageni walikuwa hawajafika.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Petroli ni utumwa! Moshi ni usaliti! Kuanzia leo, mwananchi atakayenunua gari la umeme atakuwa amemaliza matumizi. Narudia, amemaliza! Gari hili halili, halinywi, haliugui. Ukishalilipia, kazi yako ni kukaa ndani na kushukuru!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Kisha Mheshimiwa akaondoka na msafara wa magari ishirini na mawili, yote ya petroli, na yote makubwa kuliko nyumba yangu. Jioni redio ilitueleza kwamba magari yale yalikuwa yakiimaliza petroli iliyobaki nchini, ili mwananchi wa kawaida asije akashawishika kuitumia. Niliguswa sana na kujitolea kule.

Juu ya mlima Ngoto, kilomita kumi na tisa kutoka hospitali ya mjini, mwanamke mmoja aliisikia hotuba ile akiwa anachambua mchele. Aliitwa Bi Stamili Ngapona, mkunga mstaafu wa miaka sitini na mmoja. Kwa miaka thelathini na tano aliwazalisha wanawake wa Ngoto katika zahanati yenye chumba kimoja, na kila uzazi ulipokuwa mgumu aliwaita wanaume sita, wakambeba mama kwenye machela hadi mjini. Wengine walifika, wengine hawakufika. Zahanati ilikuwa na gari la wagonjwa, hilo sikatai, lakini lilipelekwa matengenezo mwaka wa sita sasa, na matengenezo yenyewe yalikuwa yakifanyika katika shamba la Mkuu wa Wilaya, ambako gari lilionekana kila msimu likipakia mananasi.

Bi Stamili alikuwa na kiinua mgongo chake, ambacho hakuwa amekigusa, na kipande cha shamba la kahawa alichoachiwa na marehemu mumewe. Alikiuza kile kipande. Jirani yake, Tausi Mkumbwa, fundi cherehani wa miaka ishirini na minne, alijaribu kumzuia.

"Bibi, hilo shamba ndilo linalokulisha."

"Na gari litawabeba nyinyi," Bi Stamili alimjibu. "Waziri mwenyewe kasema halina gharama. Nikishalinunua nimemaliza. Nitakula mihogo, mihogo ipo."

Tausi alikuwa ameolewa mwaka mmoja tu.

Gari lilitangazwa kwa ngawira milioni kumi na mbili. Ngawira ndiyo sarafu yetu, na anayejua maana ya neno hilo asianze kucheka, maana jina lilipitishwa na Bunge. Gari lilipofika bandarini likawa milioni ishirini na saba. Afisa wa forodha alimweleza kwa upole kwamba milioni kumi na mbili ni bei ya gari, na zile kumi na tano ni bei ya kulipata. Bi Stamili akalipa. Alikuwa bado anaamini kwamba ndiyo mwisho.

Siku iliyofuata alisimama mbele ya dirisha langu, amevaa kitenge kipya na miwani aliyoifunga kwa uzi.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuchukua namba ya gari."

"Hongera sana. Tuanze na Kodi ya Ukimya."

"Ukimya wa nani?"

"Wa gari, mama. Halina mngurumo, mtu anaweza kugongwa bila kujulishwa. Kwa hiyo unalipia ukimya, halafu unanunua kifaa cha kulipatia gari sauti. Kinauzwa duka moja tu, hapo ng'ambo ya barabara."

Sikumwambia kwamba duka lile lilikuwa la shemeji wa Mkurugenzi wetu, Bwana Lukwaro. Hakuniuliza, na mimi si mtu wa kusengenya. Alikwenda, akafungiwa kifaa kinachonguruma kama lori la mchanga linalopanda mlima. Aliporudi na gari likinguruma, askari wa mazingira alikuwa anamngoja mlangoni na faini ya kelele.

"Si nyinyi mmenituma nikalinunue?" aliniuliza.

"Sisi ni Mamlaka ya Magari Tulivu, mama. Wale ni Idara ya Utulivu. Ni watu tofauti kabisa."

Alilipa. Nikamwandikia Fidia ya Petroli Isiyonunuliwa, yaani hesabu ya mafuta ambayo angeyanunua kama gari lingekuwa la mafuta, na kodi ambayo serikali ingeipata. Aliitazama ile karatasi muda mrefu.

"Mwanangu, nisiponunua nyama buchani, mwenye bucha anakuja kunidai?"

"Mwenye bucha hana sheria, mama."

Wiki ya pili ikaja habari ya betri. Wataalamu wetu walikuwa wamegundua kwamba betri ya gari hutoa umeme, na kwa sheria za Neemani kitu kinachotoa umeme ni mtambo wa kufua umeme. Mtambo wa kufua umeme ni lazima uwe na leseni, mhandisi, mlinzi, na uzio wa senyenge wenye kimo cha mita mbili. Bi Stamili aliuliza uzio huo utakaaje kwenye gari linalotembea. Mkaguzi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikubali uzio uchorwe kwa rangi milangoni, akamtoza ada ya uchoraji na ada ya kukubaliwa. Mlinzi hakukwepeka. Bi Stamili alijiandikisha yeye mwenyewe kuwa mlinzi wa betri yake, tukamkata kodi ya mshahara ambao hakuupata.

Miezi minne ilipita namna hiyo. Kila Jumatatu alishuka Ngoto na kila Jumatatu nilikuwa na karatasi mpya. Sikuwa nikizibuni mimi, zilikuja asubuhi zikiwa bado na joto la mashine. Nilimwona akipungua. Kitenge kipya kilikwenda, pete ya ndoa ikakwenda. Siku moja nilimuuliza kwa nini asiliuze gari.

"Nimeshawashusha wanawake tisa," alisema. "Tisa, na wote wamerudi nyumbani na miguu yao. Nani atawashusha wengine nikiliuza?"

Lakini kitu kilichomtesa zaidi kilikuwa umeme wenyewe. Ngoto ilipata umeme siku tatu kwa wiki, na ulipokuja ulikuwa dhaifu, wa kuwasha taa na kuikatisha tamaa pasi. Gari lilipochomekwa, nyumba zote zilififia. Wengine wangeleta ugomvi. Ngoto hawakuleta. Tausi alizunguka nyumba kwa nyumba, akapanga ratiba kwenye daftari lake la vipimo vya nguo. Siku ya kuchaji hakuna aliyepiga pasi, hakuna aliyewasha redio, kinyozi alifunga kibanda, na Tausi mwenyewe alishona kwa cherehani ya miguu. Mlima mzima ulinyamaza ili gari la wajawazito lipate kula. Shirika la umeme liliposikia, likampandisha Bi Stamili daraja, kutoka matumizi ya nyumbani hadi matumizi ya anasa.

Kisha ukafika ufunguzi wa Kituo cha Taifa cha Kuchajia Magari, chini kidogo ya Ngoto. Kilikuwa nguzo moja ya rangi ya kijani, yenye waya na bango la picha ya Mheshimiwa Waziri akilikumbatia jua. Asubuhi ya ufunguzi Bwana Lukwaro aligundua kwamba serikali nzima haikuwa na gari hata moja la umeme la kuonyeshea. Nikatumwa kwa Bi Stamili.

"Mkurugenzi anaomba gari lako kwa heshima ya taifa," nilimwambia. "Na kama kuna mjamzito, aje naye. Televisheni itapenda."

Tausi wakati huo alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba yake ya kwanza. Alivaa gauni alilolishona mwenyewe, la maua ya njano, akaketi kiti cha nyuma. Bwana Lukwaro alimkabidhi Bi Stamili karatasi yenye sentensi moja ya kusoma: "Tangu ninunue gari hili sijatumia hata senti."

Mheshimiwa akakata utepe, akachomeka waya kwa mikono yake mwenyewe. Ghafla nyuma ya ukuta kitu kikaunguruma, na moshi mweusi mzito ukamwagika juu ya jukwaa, juu ya wageni, juu ya keki. Ilikuwa jenereta ya dizeli. Kituo hakikuwa kimeunganishwa na umeme, kwa sababu shirika la umeme lilikuwa linaidai Wizara.

"Moshi wa shangwe!" Bwana Lukwaro alipaza sauti, huku akikohoa. Bendi ikapiga.

Waziri alijifuta uso, akamsogezea Bi Stamili kipaza sauti. "Mama, waambie wananchi. Tangu ununue gari hili, umetumia kiasi gani?"

Bi Stamili aliitazama karatasi. Akaikunja.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi nimezoea kuandika kwenye kadi ya mzazi kile ninachokiona, siandiki ninachoambiwa. Gari hili lilitangazwa milioni kumi na mbili. Mpaka leo limenila milioni thelathini na nane. Nimelipia ukimya wake, nimelipia kelele zake, nimelipia petroli ambayo sikuinunua na mshahara ambao sikulipwa. Sina shamba, sina pete, sina akiba. Sijutii. Ila naomba mtu mmoja kati yenu anieleze, huyu binti aliye ndani ya gari amewakosea nini hata mkazuia njia yake ya kwenda hospitali kwa karatasi?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha wa pili, kisha uwanja mzima, na kicheko kile hakikuwa cha furaha. Mheshimiwa alitabasamu kwa meno yote, akapanda gari lake. Bi Stamili alikuwa hajalifikia lake walipofika askari wanne kulitwaa. Kosa lake, nililolipiga chapa mimi mwenyewe, lilisomeka: "Kutaja bei mbele ya Waziri."

Gari likaletwa katika uwanja wa ofisi yetu, likaegeshwa chini ya dirisha langu. Nilipoinua macho kutoka kwenye karatasi nililiona, na uzio wake wa kuchorwa.

Aliendelea kuja kila Jumatatu. Sasa alikuja kwa miguu, kilomita kumi na tisa kushuka, kumi na tisa kupanda. Tulimdai ada ya maegesho, ada ya ulinzi, na ada ya kulichaji gari lililotwaliwa, ingawa hakuna aliyelichaji.

"Sitaki mnisamehe," alisema Jumatatu ya saba. "Niazimeni. Wiki mbili tu. Tausi anakaribia siku zake, na mtoto amekaa vibaya, nimempapasa kwa mikono hii. Akishajifungua nitalirudisha mwenyewe, mlitie moto mkitaka."

Nilimpelekea Bwana Lukwaro ombi lile. Hakuacha kula korosho zake.

"Gari ni kielelezo, Chikoti. Kielelezo hakizalishi watu."

Jumatano ya wiki ile, saa nne asubuhi, simu ya dirisha namba nne ililia. Nilimsikia Bi Stamili akihema.

"Chikoti, mwanangu, Tausi anatoka damu. Wanaume wameshashika machela, wanateremka. Lichukue gari uje utukute njiani. Nakuomba kwa jina la mama yako."

Nilikimbilia kwa Mkurugenzi. Nilimweleza nikiwa nimesimama, bila kubisha hodi. Ufunguo ulikuwa mezani pake, karibu na korosho.

"Una idhini ya maandishi?" aliniuliza.

"Mheshimiwa Mkurugenzi, mtu anakufa."

"Nimekuuliza una idhini ya maandishi. Huruma si kazi ya dirisha namba nne. Rudi kwenye kiti chako."

Nikarudi kwenye kiti changu. Naomba msiniharakishe hapa. Nilikuwa na mikono miwili, Mkurugenzi alikuwa mmoja, mzee na mnene, na ufunguo ulikuwa karibu nami kama mlivyo karibu na ukurasa huu. Nikarudi, nikaketi, nikampigia mhuri mtu aliyekuwa amengoja foleni. Mpaka leo sikumbuki uso wake.

Tausi Mkumbwa alifariki kilomita ya kumi na nne, pembeni ya daraja, juu ya machela, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Bi Stamili. Mtoto alitolewa pale pale barabarani. Hakulia.

Bi Stamili hakuja Jumatatu iliyofuata. Nilijikuta nikiitazama foleni nikimtafuta.

Mwezi mmoja baadaye Mheshimiwa Waziri alialikwa nchi ya baridi, kwenye mkutano wa mataifa, kupokea tuzo ya nchi iliyopunguza moshi. Alihitaji ripoti, na ripoti ilihitaji takwimu. Bwana Lukwaro aliniita.

"Hesabu safari zote za Ngoto ambazo hazikutoa moshi," aliniagiza. "Za miguu, za punda, zote. Watu wanatembea sana siku hizi, ni mafanikio makubwa."

"Na machela ya Jumatano ile?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Ilitoa moshi?"

"Hapana."

"Basi iandike."

Nilikwenda kwenye mashine yangu. Niliandika safari elfu nne na kidogo za miguu. Niliandika za punda. Kisha nikafika pale pa machela, na vidole vikagoma. Nilikaa hapo mpaka wenzangu wakatoka kwenda kula na wakarudi. Ndipo nikaandika, kwa herufi zile zile na wino ule ule, kilichotokea. Niliipeleka ripoti kwa Bwana Lukwaro, akaisaini kwenye kila ukurasa bila kuisoma, maana kazi ya Mkurugenzi ni kusaini. Ikatumwa uwanja wa ndege.

Siku ya tuzo tulikusanywa ukumbini kutazama televisheni. Mheshimiwa alisimama, suti yake ikimeremeta, akafungua karatasi na kusoma kwa sauti ile ile ya Uwanja wa Shukrani:

"Safari za miguu, elfu nne mia mbili na sita, bila moshi! Safari za punda, mia tatu na kumi, bila moshi! Safari ya machela, moja, bila moshi! Abiria, Tausi Mkumbwa, fundi cherehani, umri miaka ishirini na minne, mjamzito. Alifia njiani pamoja na mtoto wake kwa sababu gari lililopaswa kumbeba tulikuwa tumelifungia uwanjani, na ufunguo tulikuwa nao mezani!"

Ndipo akanyamaza. Nilimwona akiirudia ile sentensi kwa macho, midomo ikicheza. Ukumbi wa nchi ya baridi nao ulinyamaza, mmoja mmoja akigusa kisikizio chake, kana kwamba mkalimani ndiye aliyekosea. Kisha mwenyekiti wa mkutano, mtu mwenye adabu, akaanza kupiga makofi. Wengine wakafuata. Walisimama. Wakampa tuzo.

Katika ukumbi wetu hakuna aliyepiga makofi. Bwana Lukwaro alikuwa ameshika korosho moja karibu na mdomo, haiingii, haitoki. Mama mfagiaji, ambaye sijawahi kumsikia akisema neno kazini, alitamka kwa sauti: "Tausi Mkumbwa." Mtu mwingine akalirudia. Mlinzi wa lango akalirudia. Walikuwa bado wanalitaja askari waliponifunga pingu.

Nilishtakiwa kwa kuingiza marehemu katika takwimu bila kibali. Siku ya tatu ya mahabusu niliambiwa nina mgeni. Alikuwa Bi Stamili. Alikuwa ametembea tena kilomita zote zile, na mkononi alikuwa na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. Sikuweza kumwamkia. Nilikaa nikitazama sakafu, nikingoja anitukane, na kwa kweli ningeshukuru.

"Uliliandika jina lake sawasawa?" aliniuliza.

"Sawasawa."

"La baba yake pia?"

"Na la baba yake."

"Na mtoto ulimtaja?"

"Nilimtaja, mama."

Hakusema amenisamehe, na sikuthubutu kumuuliza. Kisha akakifunua kile kitambaa, akalisukuma bakuli la mihogo kuelekea kwangu.

"Kula," alisema. "Kesho wataanza kukuuliza maswali, na nataka uyajibu yote kwa sauti."